Mwimbaji Asiyevuta Pumzi

Katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, kazi ya kukunja mashuka haifanywi na mtu mmoja. Shuka ni refu, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa upya, hakuna cha kupangusa wala cha kusamehe. Kwa hiyo husimama wawili. Kila mmoja hushika kona mbili, wakalinyanyua shuka mpaka likawafunika nyuso, wakalivuta, wakalikunja, kisha wakaendeana hatua tatu ili kona zikutane. Na kwa kuwa shuka limewaziba macho, hakuna anayemwona mwenzake akianza kutembea. Lazima iwepo sauti ya kuwaongoza. Meza nyingine zote zilihesabu: moja, mbili, twende. Meza ya dirishani iliimba.

Aliyekuwa akiimba ni Dada. Mdogo hakuimba kamwe. Mdogo alikuwa mtu wa kimya tangu utotoni, mtu ambaye akitumwa dukani akakuta watu watatu wamesimama kaunta, anarudi nyumbani mikono mitupu. Hata jina la Mdogo alilipata kwa sababu ya Dada. Siku walipoanza kazi pamoja, miaka sita iliyopita, wenzao walimwita yule mkubwa Dada na huyu Mdogo, ikawa basi. Sasa Dada alikuwa na miezi minne kaburini, na Mdogo alibaki kuwa mdogo wa mtu asiyekuwepo.

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Dada aliimba mstari mmoja wakati wa kuvuta na kukunja. Mstari ukiisha alivuta pumzi, na katika pumzi ile ndipo walipopiga hatua. Hawakuwahi kukaa wakapanga hivyo. Miguu ya Mdogo ilijifunza yenyewe, kama mguu unavyojua idadi ya ngazi za nyumbani hata umeme ukikatika. Pumzi ya Dada ikianza, yeye anaondoka. Pumzi ikiisha, kona ziko mkononi.

Baada ya msiba walimpa Mama Pasi awe mwenzake mezani. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekaa miaka kumi na minane kwenye mashine za kupigia pasi, ndiyo maana ya jina. Kwa kukunja alikuwa mgeni kabisa.

"Moja, mbili," alihesabu Jumatatu moja, "hivi nilikwambia yule jirani yangu amerudisha sufuria? Limetoboka! Eeh, tulikuwa wapi?"

"Mbili," alisema Mdogo nyuma ya shuka.

"Basi tatu!"

Mama Pasi alitembea. Mdogo hakutembea. Miguu yake ilikuwa inangoja kitu ambacho hakikuja. Shuka lililegea katikati, likalala sakafuni.

"Jamani, mdogo wangu! Unakuja au nikutumie barua?"

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, kalamu sikioni. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuja mpaka mezani akaliokota lile shuka mwenyewe, akalitia kwenye kikapu cha kurudishwa.

"Mdogo," alisema, "mimi nilimzika dada yako pamoja na wewe, usinione sina utu. Lakini Jumamosi mashuka kumi na saba ya meza hii yalirudi majini. Wodi zinapiga simu. Nakupa mpaka Ijumaa. Mkishindwa, utaenda chumba cha kuchambua, na meza hii nitawapa wengine."

Chumba cha kuchambua kilikuwa upande wa pili wa ukuta, mahali nguo chafu zinapomwagwa kutoka wodini. Kule kila mtu ana kikapu chake na glavu zake, anageuzia wenzake mgongo. Uchafu haukumtisha Mdogo. Lakini chini ya dirisha, kwenye vigae, palikuwa na sehemu mbili zilizong'aa kuliko pengine, mahali nyayo za Dada zilipokuwa zikikanyaga kutwa kwa miaka sita. Tangu msiba, Mdogo alisimama hapo, na kila asubuhi aliweka miguu yake juu ya sehemu hizo mbili kabla ya kushika shuka la kwanza. Hilo ndilo alilokuwa akitakiwa kuliacha.

"Nimesikia," alijibu, kwa sauti ambayo Msimamizi ilibidi ainame kuipata.

Siku hiyo hiyo mashine ya kukaushia namba mbili iligoma, akaja Fundi. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni na mkanda uliokaza chini ya kitambi. Alilala chali chini ya mashine, akaweka spika ndogo kando ya kisanduku chake cha vifaa, akafungulia muziki.

Sauti iliyotoka haikufanana na yoyote aliyoisikia Mdogo. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba, ya juu, safi kama ukingo wa bilauri unaposuguliwa kwa kidole kilicholowa. Lugha haikueleweka hata neno. Ala zilikwenda mbio, na yule msichana alikwenda nazo mbio bila kuchoka, bila kukwaruza, mstari juu ya mstari. Mdogo alinyanyua shuka. Miguu yake, iliyokuwa imekufa ganzi miezi minne, ilichangamka. Kuna mtu anaimba. Ikangoja mstari uishe.

Mstari uliisha, na mwingine ukaanza hapo hapo. Mdogo akangoja. Ukaja wa tatu. Mikono ikachoka kwa kulishikilia shuka juu.

"Mwenzangu umelala humo ndani?" aliuliza Mama Pasi kutoka upande wa pili.

Usiku ule Mdogo hakuota kitu, lakini aliamka na ule wimbo masikioni. Akiwa anamchotea mama yake maji ya kuoga, alijikuta anaufuata kwa midomo bila kutoa sauti, na kila alipofika mwisho wa mstari kifua kilimbana. Hakuona mahali pa kupumulia.

Jumanne alizunguka mashine namba mbili asubuhi nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akapeleka kikapu, akarudi. Akapeleka kingine kilichokuwa kitupu. Mwishowe Fundi mwenyewe alichungulia kutoka chini.

"Binti, kama unataka kunikanyaga, nikanyage tu tujue moja."

Mdogo aliinyooshea kidole spika. "Huyo anayeimba," alisema, "anapumua saa ngapi?"

Fundi alitoka chini ya mashine akaketi.

"Unajua," alisema, "nimewasikilizisha watu huu muziki mwaka mzima. Mke wangu anasema nimerukwa na akili. Shemeji zangu wanaziba masikio. Wewe ni wa kwanza kuniuliza swali la maana. Huyo hapumui. Huyo si mtu."

"Amekufa?"

"Hakuzaliwa."

Akamweleza, huku akifuta grisi vidoleni. Mashine hizi zilitoka Japani, na kitabu chake chote cha maelekezo ni maandishi ya kwao. Mwaka jana alishindwa kuifungua ngoma ya mashine moja, akatafuta video kwenye simu, akapata Mjapani mmoja anaonyesha. Video ikaisha, ikaja nyingine yenyewe. Ilikuwa na mchoro wa kituo cha treni kisicho na watu, na sauti hii ikaanza kuimba. "Nikasema nitazima nikimaliza skrubu hii. Nikamaliza mashine nzima." Baadaye alisoma habari zake. Kuna mwanamke, mtu wa kweli, aliyekaa chumbani akatamka vipande vya sauti, kimoja kimoja: ka, ki, ku. Wakavikata, wakavipanga ndani ya kompyuta. Sasa mtu yeyote, hata mwenye haya asiyeweza kuimba mbele ya mama yake, anakaa chumbani kwake anaandika maneno na kupanga noti za muziki, na ile sauti inamwimbia.

"Na pumzi?"

"Wengine wanazichomeka. Wanachukua pumzi iliyorekodiwa, wanaipachika kati ya mistari ili ionekane kuna mtu. Huyu aliyetunga huu hakupachika."

"Anasema nini huo wimbo?"

"Anamngoja mtu kwenye kituo ambacho treni zimeacha kusimama," alisema Fundi. "Ndivyo walivyotafsiri chini ya video. Mimi Kijapani changu ni cha kufungua mashine tu."

Mdogo alirudi mezani. Siku hiyo mashuka kumi na mawili yaligusa sakafu, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye mashuka.

Ndani ya simu yake kulikuwa na ujumbe mmoja wa sauti. Dada aliutuma asubuhi moja, wiki mbili kabla ya kulazwa. Siku ile Mdogo aliusikia mwanzo wake tu, akakatizwa na kazi, na hakuwahi kuufungua tena. Aliuogopa kama mtu anavyoogopa kufungua sanduku la nguo za marehemu, asije akaipoteza ile harufu. Jumatano aliwahi kazini, akamsubiri Fundi mlangoni, akamnyooshea simu kwa mikono miwili.

"Sitaki umfanye aimbe," alisema. Alikuwa ameyapanga maneno hayo njia nzima. "Naomba unitolee pumzi tu. Hapo mwanzoni, kabla hajasema. Kisha uiweke kwenye wimbo, mwisho wa kila mstari."

Fundi aliusikiliza ujumbe akiwa ameiweka simu sikioni. Mdogo aliziba masikio, akatazama ukutani. Fundi alipomaliza aliishusha simu. Akakuna mvi zake.

"Una hakika, binti?"

"Nina mpaka Ijumaa."

"Hilo nimelisikia. Nimekuuliza jingine."

"Nina hakika," alisema Mdogo.

Alhamisi, watu walipotoka kwenda kula, Fundi alimkabidhi spika. Alisema ujuzi ni ule ule anaotumia kukata nyimbo ziwe milio ya simu. Alikuwa ameupunguza mwendo wimbo kidogo, akaacha nafasi mwisho wa kila mstari, na katika kila nafasi aliiweka ile pumzi. Hakungoja kushukuriwa. Alijitwika kisanduku chake, akarudi kwenye mashine namba mbili, ingawa mashine ilikuwa imeshapona tangu jana.

Mama Pasi alirudi akipangusa mdomo. "Leo tunacheza dansi?"

"Mama Pasi, usihesabu," alisema Mdogo. "Mstari ukiisha utasikia mtu anavuta pumzi. Hapo ndipo tunatembea."

"Haya. Mimi wa kuburutwa tu."

Mdogo aliweka nyayo zake pale panapong'aa. Wakanyanyua shuka. Msichana wa Kijapani akaimba mstari wake wa kwanza, wakavuta, wakakunja, mstari ukaisha, na Dada akavuta pumzi ndani ya chumba.

Miguu ya Mdogo iliondoka. Haikuuliza kitu. Ilipiga hatua tatu kama ilivyopiga maelfu ya mara, na mwisho wa pumzi kona zilikuwa mkononi mwa Mama Pasi, zimelingana kama zilizopimwa kwa rula. Shuka la pili vivyo hivyo. La tatu. La kumi. Hakuna lililogusa chini. Msimamizi alipita, akasimama, akaitoa kalamu sikioni akairudisha, akaenda zake akitikisa kichwa kwa furaha. Mdogo alitabasamu nyuma ya shuka, mahali ambapo hakuna wa kumwona. Kwa robo saa nzima alikuwa na dada tena.

Walipofika shuka la ishirini na kitu, kona za upande wa pili hazikuja. Mdogo alishusha shuka. Mama Pasi alikuwa amesimama pale pale, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na mikono haina nafasi ya kuyafuta.

"Izime, mdogo wangu," alisema.

"Kwani tumekosea? Hakuna hata moja lililoanguka."

"Sikosoi. Nakuomba uizime. Siwezi kumsikia anavyohangaika."

"Nani anahangaika?"

Mama Pasi alimtazama kama mtu anayedhani anataniwa. Wimbo ulikuwa bado unakwenda. Mstari ukaisha, ikaja pumzi, na kwa mara ya kwanza Mdogo alisimama wima bila kutembea, akaisikiliza.

Ilianza vizuri. Katikati ikakwama, kama mlango uliovimba kwa mvua. Ikasukuma. Kulikuwa na filimbi ndogo ndani yake, mbali, chini kifuani. Kisha ikapita kwa shida, ikamalizikia juu juu, haijashiba. Mstari mwingine, na tena: kuanza, kukwama, filimbi, kupita. Fundi alikuwa ameinakili ile ile moja, kwa hiyo haikupata nafuu wala haikuzidi. Dada alihangaika vile vile mwisho wa kila mstari, na yule msichana wa Kijapani alimpokea akaendelea kuimba, safi, bila habari.

Mdogo aliizima.

Mashine za kukaushia zilinguruma. Meza ya tatu walikuwa wanahesabu: moja, mbili, twende.

"Ilikuwa hivi?" aliuliza. "Siku zote?"

"Si siku zote. Mwaka wa mwisho." Mama Pasi aliweka kona zake mezani taratibu, zisiguse chini. "Kule kwenye pasi tulikuwa tunamsikia. Sisi tulidhani unajua. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Alikuwa naye, ndiyo. Kitanda kimoja, meza moja, shuka moja. Mdogo alianza kukumbuka, na kila kumbukumbu ilikuja na miguu yake ndani. Zamani meza ya dirishani ilikuwa ya kwanza kumaliza, Dada akiwatania wenzake wa meza nyingine kwamba wanakunja shuka au wanalibembeleza. Kisha wakawa wa pili. Kisha Msimamizi akaanza kuwasaidia rundo lao la mwisho. Hatua zile tatu, ambazo zamani zilikuwa za haraka, zilirefuka polepole wiki baada ya wiki, na Mdogo alizirefusha pamoja na pumzi bila kujua. Miguu yake ilipima ugonjwa wa dada yake kila siku, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na haikumwambia.

"Alisema ni mashuka," alisema Mdogo. "Alisema yale mashuka mapya waliyoleta ni mazito. Nikamwambia kweli, ni mazito."

"Mapya yapi?"

"Yale ya mwaka jana."

Mama Pasi alishika ukingo wa shuka lililokuwa mezani, akaugeuza upindo. Alama ya hospitali iliyochapwa pale ilikuwa imefifia kwa kufuliwa.

"Mdogo wangu," alisema kwa upole, "hapa hayajaletwa mashuka mapya tangu nianze kazi."

Jioni ile, nyumbani, Mdogo alimkuta mama yake ameketi kitandani anakunja nguo za Dada, zile zile alizokuwa akizikunja na kuzikunjua kila wiki. Alitaka kumuuliza kama naye alijua. Alipomtazama mikono, hakuuliza. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akashika kona mbili za khanga, mama akashika mbili nyingine. Wakaikunja.

Ijumaa asubuhi alimrudishia Fundi spika.

"Nitolee pumzi yake," alisema. "Ulivyoukuta wimbo, urudi hivyo hivyo."

"Haikufaa?"

"Ilifaa sana." Alijikaza kisabuni, lakini sauti ilimponyoka kidogo. "Ndiyo shida yake. Naweza kuifuata mwaka mzima na nisisikie kitu."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Ujumbe wenyewe uko kwenye simu yako, sijaugusa. Umeusikiliza mpaka mwisho?"

"Bado."

"Siku ukiweza, usikilize. Anasema habari za kazi."

Mdogo aliingia chooni, akafunga mlango, akausikiliza hapo hapo, kabla hajajionea huruma akaghairi. Ilikuja ile pumzi. Kisha sauti ya Dada, ya kawaida, ya mtu anayefunga viatu huku anaongea: "Mdogo, leo usinisubiri, napitia hospitali kwa daktari, si kufulia. Mwambie Mama Pasi akushikie kona zangu. Na wewe uimbe, mwanamke wewe, midomo haiozi."

Alinawa uso mara mbili.

Msimamizi alikuja saa nne kamili, akasimama kando ya meza mikono nyuma. Mama Pasi hakutania. Alishika kona zake akangoja. Spika haikuwepo, na Mdogo alijua kwamba upande wa dirisha ndio unaoongoza, tangu zamani, na upande wa dirisha alikuwa amesimama yeye.

Wakanyanyua shuka. Ndani ya weupe ule, uso umezibwa, Mdogo alifungua mdomo. Hakujua wimbo mwingine aliousikia karibuni zaidi ya ule. Aliimba maneno ya Kijapani asiyoyajua, ya yule anayengoja kwenye kituo ambacho treni hazisimami, kwa sauti ndogo, ya kukwaruza, isiyofanana na bilauri hata kidogo. Meza ya tatu wakaacha kuhesabu. Wakavuta, wakakunja. Alikuwa ameanza na hewa kidogo kwa sababu ya haya, na kabla mstari haujaisha kifua kilimwita. Akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi fupi, nyepesi, ya mtu mzima wa afya. Ilipita moja kwa moja bila kukwama popote.

Mama Pasi aliisikia akaondoka. Alipiga hatua yake ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika katikati na kona zake mkononi. Mdogo hakuwepo. Alikuwa bado chini ya dirisha, juu ya vigae vinavyong'aa. Pumzi yake ilikwisha, lakini miguu ilikuwa inaingoja iliyobaki, ile ndefu ya Dada.

Shuka lilianza kulegea. Mama Pasi hakumwita. Aliinua mikono juu zaidi ili lisishuke, akapiga hatua ya nne, na ya tano, na ya sita, akaja mpaka dirishani, akaziweka kona zote mbili ndani ya viganja vya Mdogo, akavifumba kwa mikono yake.

"Halijagusa," alimwambia Msimamizi, bila kugeuka.

Msimamizi alitazama sakafu. Akatazama dirishani. "Halijagusa," alikubali, akaondoka.

Wakachukua la pili.